Kunguru wa Siku ya Kumi

Dohali, 29 Oktoba 1973

Dada Godavari,

Shikamoo. Nashika miguu yako kutoka huku mbali, na wifi yako Sharada naye anaishika. Kikohozi chake kimepungua. Watoto wazima. Ng'ombe mweusi amezaa, ndama jike, mkaidi kama mama yake. Mto Krishna bado una tope la mvua lakini mto Kapili umeshakuwa mweupe, na pale inapokutana chini ya hekalu ile mistari miwili ya maji inaonekana wazi, ule mchezo uliokuwa ukipenda kuutazama ukiwa mdogo mpaka unaitwa kula mara tatu.

Matanga ya Baba tumeyamaliza. Siku zake kumi na tatu zimekwisha jana. Hukuja. Telegramu yako imesema goti. Haya, goti ni goti, siwezi kubishana na goti la mtu aliye Nagpur.

Lakini kuna jambo, na afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa watu. Mara ngapi umeniona nimesimama kwenye zile ngazi nyuma ya wafiwa wa watu? Siku ya kumi wanaweka tonge la wali juu ya jiwe, wanarudi nyuma, wanangoja kunguru aje aliguse. Kunguru akichelewa mimi ndiye ninayewaambia, "Marehemu ana neno lake moyoni. Semeni, ahidini." Wanaahidi: tutamwoza binti yako, tutamtunza mjane wako. Kunguru anashuka, watu wanalia, wanakwenda zao. Miaka kumi na minane nimefanya kazi hiyo. Nilishaanza kudhani kunguru wa Dohali ni waajiriwa wangu.

Tonge la Baba tuliliweka saa mbili asubuhi. Juu ya paa la hekalu walikuwepo kunguru kama thelathini, wanatutazama. Nikaahidi kumtunza Mama. Kimya. Nikaahidi kwamba shamba la miwa haliuzwi. Nikaahidi kwamba zamu ya ukoo wetu ya kuhudumu hekaluni haitatoka mikononi mwetu. Wapi! Nikaahidi mpaka upuuzi, kwamba kikopo chake cha ugoro nitakizamisha mtoni ili asikose. Ganpat, yule kuhani wa nyumba ya chini, akapaza sauti mbele ya mahujaji wote: "Trimbak, labda hukutia chumvi! Mzee alikuwa mchaguzi wa chumvi, lakini si kiasi hicho!" Watu wakacheka. Kwenye msiba wa baba yangu, watu wakacheka.

Jua lilipofika utosini Mama akashuka ngazi peke yake, akaja kuninong'oneza sikioni: "Hujamtaja."

Nikajitia hamnazo. "Nani?"

Akapanda ngazi akaenda zake. Mimi nikafanya anachofanya kuhani akishindwa: nikasokota kunguru wa majani, nikaligusisha tonge kwa mdomo wake wa majani, nikatangaza yamekwisha. Wote walijua hayajaisha.

Tangu siku hiyo Mama anakula matonge mawili matatu, halafu anasukuma sahani. Wewe ni mkubwa wetu. Niambie Baba alitaka nini.

Mdogo wako,
Trimbak


Nagpur, 24 Novemba 1973

Trimbak mdogo wangu,

Uishi miaka mingi, wewe na Sharada na watoto. Mwambie Sharada achemshe tangawizi na manjano, aache zile dawa za kikohozi za dukani. Huku tu wazima, isipokuwa shemeji yako na tumbo lake. Nimetia achari ya ndimu chupa nne, ningewatumia lakini posta wanavunja kila kitu. Vinayak amepandishwa cheo ofisini kwao na sasa tunazungumza na watu wa heshima sana kuhusu binti yao. Baba yake ni mwalimu mkuu. Mama yake ni wa kukagua mpaka nyuma ya milango, basi nyumba nzima nimeipaka chokaa.

Vijana wangu wamejenga kichwani chumba cha bwana harusi huko uani, wanataka kuukata mwarobaini. Nimewaambia atakayeugusa mti ule aniguse mimi kwanza. Watoto wa siku hizi hawaoni kivuli, wanaona nafasi tu.

Kuhusu Baba nimelia sana, wewe hukuniona ndiyo maana unanitia vijembe vya goti. Na hao kunguru nakushangaa. Mwaka jana wa ukame ndege wangapi wamekufa? Waliobaki wameshazoea kushiba kwa mahujaji, wanachagua. Baba aliishi miaka sabini na sita akafa kitandani kwake ana maji ya mto kinywani. Alitaka nini tena?

Mama ni mzee, wazee hukataa kula. Mpikie uji mwembamba wa dengu, tia jira kidogo.

Ya kale yaache huko huko yalikolala.

Dada yako,
Godavari


Dohali, 19 Desemba 1973

Dada,

Shikamoo. Achari tumeila kwa macho. Ndama amepewa jina, anaitwa Ukame, ni ucheshi wa wanangu. Sharada amechemsha tangawizi.

Sasa nisikilize, na usinikatize kwa habari za chokaa.

Kila mwezi unapotimia tangu afe, naweka tonge lingine. Juzi nilishuka alfajiri, kabla mahujaji hawajafika, peke yangu. Nikaweka tonge, kunguru wakakaa pale pale juu ya paa. Nikatazama huku na huku kama mwizi. Nikasema, "Baba, nitamrudisha Kusum nyumbani."

Dada, nilikuwa sijamaliza kulitamka jina. Kunguru alishuka, mkubwa, ana manyoya yaliyopukutika shingoni, akakaa juu ya jiwe akanitazama kwa jicho moja, akala. Akala punje kwa punje mpaka akamaliza.

Nilikaa kwenye ngazi nikalia kama mtoto mdogo. Miaka kumi na moja jina hilo la ndugu yetu halijatamkwa nyumbani kwetu. Mama ndiye aliyelijua kabla ya mimi kulisema. Nilipomwambia alikwenda jikoni akatia wali sahani mbili, ya kwake, na nyingine akaifunika kwa majani ya mgomba. Tangu siku hiyo anakula, na kila siku anapakua hiyo sahani ya pili, jioni anampa ng'ombe. Anauliza kitu kimoja tu: "Umeandika kwa Godu?"

Nimeandika. Nimemwahidi marehemu juu ya maji, na ahadi kama hiyo haina kurudi nyuma. Lazima Kusum awe hapa siku ya kumbukumbu ya mwaka wa Baba. Akiwa na mumewe, sawa. Dhondiba ni fundi viatu, wa tabaka tusiloligusa, basi na awe fundi viatu, sitamlazimisha awe Brahmani kama sisi makuhani. Ataingia, atakula, kama Ganpat anataka kucheka atacheka mpaka achoke.

Walipoondoka walikuja huko kwenu Nagpur, hilo nalijua. Wewe uko huko. Yuko wapi?

Trimbak


Dohali, 20 Februari 1974

Dada,

Shikamoo. Wazima wote.

Miezi miwili. Posta haijafa, maana kadi ya harusi ya mpwa wa shemeji ilifika ndani ya siku nne. Nimekuuliza kitu kimoja. Yuko wapi?

Trimbak


Nagpur, 11 Machi 1974

Trimbak,

Uishi miaka mingi. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na homa, halafu wageni, halafu ile familia ya mwalimu mkuu walikuja kuiona nyumba. Mama mtu alipitisha kidole juu ya mlango wa jikoni! Akakuta safi, akanuna. Wamekubali. Harusi ni mwezi wa Desemba, baada ya mvua na sikukuu. Usiandike lolote kwa mtu mwingine mpaka ipite, nakuomba. Wale watu wakisikia Vinayak ana mama mdogo aliyetoroka na fundi viatu, harusi imekwisha hapo hapo. Wewe una ahadi yako kwa marehemu, mimi nina mtoto aliye hai.

Ukiuliza yuko wapi, nilisikia walihamia kwenye machimbo ya makaa, sijui machimbo gani. Nchi hii ina machimbo mengi. Huwezi kumpata.

Na kwa vile umeniandikia kama askari anavyomhoji mwizi, mimi nami nikuulize. Unasema Baba, Baba, Baba alitaka. Nilikuwepo siku ile. Nilikuwa nimekuja kujifungua Vasanti, nilikuwa nimesimama juu kwenye mlango wa hekalu na tumbo langu. Kusum hajatimiza wiki tangu aondoke, na ninyi wanaume mmekaa kwenye ngazi kumfanyia msiba ilhali anapumua. Baba alijaza chungu maji, akakiweka pale mito inapokutana. Akatamka yale maneno: kuanzia leo Kusum hana maji kwetu, amekufa. Kilichobaki kilikuwa kukisukuma chungu kwa mguu wa kushoto kimwagike.

Mguu ulikuwa wa nani, Trimbak?

Usinichokonoe. Wavulana wameanza tena na habari ya mwarobaini, wamekuja na fundi anaupima kwa kamba. Nimemfukuza. Nimechoka na wanaume.

Godavari


Dohali, 14 Mei 1974

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliiweka kwenye mfuko wa kanzu muda wote huu, nikiivua kanzu nahamishia kwenye nyingine. Sharada anadhani nimepata kimada.

Mguu ulikuwa wangu. Umesema kweli, lakini hukuwa karibu, kwa hiyo hujui iliyobaki, nami sijawahi kumwambia mtu, si Mama, si Sharada.

Baba alipomaliza kutamka alisimama. Mkono wake ulikuwa juu ya mdomo wa chungu. Desturi inataka ndugu mmoja asukume, na mimi ndiye niliyekuwa ndugu. Nikanyanyua mguu. Baba akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Ngoja."

Nilimsikia. Wewe unaweza kudhani mto ulikuwa unavuma. Haukuvuma, ilikuwa mwezi wa pili, maji yamelala. Nilimsikia vizuri, nikasukuma.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na mahujaji wetu walikuwa wanahamia nyumba ya Ganpat kwa makundi. Kila mtu mjini alikuwa na utani wake. "Trimbak, kandambili zangu zimekatika, mpelekee shemeji yako." Kila siku, jamani, kila siku! Nilitaka yaishe. Nilidhani kikimwagika kile chungu yatakwisha. Baba hakunigombeza. Alichuchumaa akaanza kuokota vigae, kimoja kimoja, mpaka vile vidogo. Hakunitazama usoni mwezi mzima. Halafu tukaendelea kuishi, na kuheshimiana, na kugawana zamu za hekalu, miaka kumi na moja, na lile neno "ngoja" likiwa katikati yetu kama mgeni asiyeaga.

Sasa unajua kwa nini kunguru hakuwa na haja na kikopo cha ugoro.

Mimi ningekuwa nimeshafika huko, lakini treni zote zimegoma, unajua mwenyewe. Mgomo ukiisha nakuja. Nitakwenda chimbo moja baada ya jingine, nitauliza kila fundi viatu anayekaa chini ya mwavuli. Mwaka huu kalenda yetu ina mwezi wa nyongeza, kwa hiyo kumbukumbu ya Baba itaangukia mwanzoni mwa Novemba. Muda upo. Mama anapakua sahani mbili bado. Juzi aliongeza kipande cha sukari guru kwenye ile ya pili, anasema Kusum hali bila kitu kitamu.

Usipotaka nifike kwako kwa ajili ya watu wa mwalimu mkuu, nitalala stesheni.

Trimbak


Nagpur, 9 Juni 1974

Trimbak,

Usiende machimbo yoyote.

Nimeianza barua hii mara sita. Kila mara naandika habari za shemeji yako na tumbo lake, halafu naichana. Leo nimefunga mlango wa jikoni, nimewaambia naumwa kichwa. Sitakusalimia, nisamehe, nikianza salamu nitateleza tena.

Hawakuhama. Walikuwa hapa hapa Nagpur, mtaa ulio nyuma ya kiwanda cha pamba, mwendo wa saa moja kutoka kwangu kwa miguu. Nilijua siku zote. Mara moja nilimwona sokoni ananunua bamia, amenenepa kidogo, anacheka na muuzaji. Nilijificha nyuma ya magunia ya viazi. Mimi, mwanamke mzima, mama wa watoto watatu.

Mwezi wa nne mwaka 1971 aliniletea barua kwa mkono wa mtoto wa jirani. Alikuwa na ugonjwa wa manjano, macho yamegeuka rangi, daktari amewaambia. Hakuomba fedha, hakuomba nimwuguze. Unakumbuka kile kichupa cha shaba kilichozibwa kwa madini ya risasi, kina maji ya mito yetu, ambacho kila binti wa nyumba yetu hupewa siku ya kuolewa ili siku ya kufa apate funda moja la nyumbani? Yeye hakupewa. Alijua mimi ninacho. Aliandika hivi, maneno yake ninayo kichwani: "Dada, nusu yake tu. Nusu nyingine ubaki nayo mwenyewe."

Niliitia barua chini ya kopo la dengu. Nikasema kesho. Mtoto wa jirani alikuja tena baada ya siku tatu akasimama uani, nikampa andazi nikamrudisha. Nikasema kesho.

Mwezi wa sita akaja Dhondiba. Nilimtambua kwa vidole vyake, vina rangi ya ngozi za viatu mpaka leo. Alikuwa amebeba chungu kidogo kimefungwa kitambaa chekundu. Akaniambia, "Dada yako amekufa tarehe ishirini na tisa Aprili. Aliomba majivu yake yaingie pale mito inapokutana. Mimi pale kwenu siruhusiwi kupita pale watu wanapovua viatu. Wewe utafika." Sauti yake haikupanda hata kidogo. Jua lilikuwa kali, nikaona midomo yake imekauka, nikamletea maji. Na unajua nilivyompa? Nilimwambia akinge viganja, nikammiminia kutoka juu, kwa mbali, chombo changu kisimguse. Mazoea tu, Trimbak, mkono ulikwenda wenyewe! Alinitazama. Akafungua viganja, maji yote yakamwagikia mchangani. Akaweka chungu kizingitini akaondoka.

Unajua majivu hayaingii nyumba ya walio hai. Nikayatundika kwenye mwarobaini, uani. Nilikusudia kuyaleta mwaka ule ule. Halafu nikakusudia mwaka uliofuata. Niliogopa Baba ataniuliza nimeyapataje, na tangu lini nilijua. Vinayak anadhani ni nadhiri yangu ya kuomba mvua. Kila mwaka kabla ya mvua nabadilisha kamba.

Goti langu halina kitu. Nilishindwa kuja kwenye msiba wa Baba kwa sababu nisingeweza kupanda treni nikakiacha chungu kile mtini, na nisingeweza kupanda treni nikiwa nacho.

Sasa unajua. Alikuwa ameshakufa miaka miwili na zaidi wakati Baba anafumba macho akimngoja. Mama anampakulia wali mtu niliyemtundika kwenye mti.

Njoo umchukue. Mimi siwezi kumshusha, nimejaribu.

Godavari


Dohali, 5 Novemba 1974

Dada Godavari,

Shikamoo.

Tangu nilipokuja mwezi wa saba sijakuandikia, nawe hukuandika. Pale uani hatukusema neno. Wewe ulikuwa dirishani, mimi nilikuwa juu ya ngazi na kisu cha jikoni. Kamba ilikuwa mpya, ngumu kukatika. Nilisafiri siku mbili na chungu mapajani, maana hakiwekwi chini. Abiria mmoja aliniuliza nimebeba nini, nikamwambia dada yangu. Akanisogezea nafasi ya dirishani.

Nilimwandikia Dhondiba nikamwomba aje kwa siku ya mwaka, ashuke ngazi pamoja nami hadi majini, nitamshika mkono mbele ya watu. Alinijibu kwa postikadi: "Mimi nilishamlilia. Sasa ni zamu yenu." Basi, hayo tu.

Mama nilimwambia siku ile ile niliyofika. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini aliona kitambaa chekundu. Akaniuliza, "Lini?" Nikamwambia mwaka na mwezi. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Alitangulia kabla ya baba yake." Alikwenda jikoni, akaichukua ile sahani ya pili akaiosha, akaipangusa, akairudisha kabatini. Nikasikia mlango wa kabati unafungwa. Ni sauti ndogo sana, dada, lakini sijui nitaisahau lini.

Chungu kilikaa kwenye mti wa bilwa nje ya hekalu mpaka jana, siku ya mwaka wa Baba. Makuhani walifanya kikao. Walisema aliyemwagiwa chungu hana tonge wala maji hapa, na kuhani atakayempa atapoteza zamu yake hekaluni. Ganpat ndiye aliyesimama kusoma uamuzi. Mara hii hakutania. Nikawaambia zamu yangu wagawane. Kwa hiyo sasa mimi ni kuhani wa ngazini tu, ndani siingii, na Sharada analia kila akiwatazama watoto. Nilimwahidi Baba zamu haitatoka kwenye ukoo wetu, nayo ni moja ya zile ahadi ambazo kunguru hakutaka kuzisikia.

Asubuhi nilishuka na chungu. Watu walikuwa wengi, hawakusogea karibu, walijaa juu kama kwenye tamasha. Mama alikaa ngazi ya mwisho, miguu ndani ya maji. Nilisimama pale pale nilipokisukuma kile kingine. Nikayamimina majivu, yakaenda kidogo na Krishna, yakaenda kidogo na Kapili, halafu mstari ukapotea. Nikachota maji kwa viganja vyote viwili, nikamnywesha mara tatu kwa jina lake, kwa sauti kubwa wasikie hata walio nyuma. Kile kichupa chako cha shaba ulichonipa dirishani, nilikifungua kwa jino. Nilimimina nusu. Nusu nyingine nakurudishia na barua hii, kama alivyosema mwenyewe.

Kisha nikaweka matonge mawili. La Baba huku, la Kusum huku.

Nilikuwa nimeandika ahadi, Godu. Ukurasa mzima, nilikaa nao wiki nzima nikisahihisha. Kwamba nitamtafutia Dhondiba fidia. Kwamba mtoto wa kike atakayezaliwa kwetu ataitwa Kusum. Kwamba jina lake litasomwa kila mwaka pamoja na ya wazee. Kwamba nitasema hadharani lile neno "ngoja". Nilitaka anidai. Nilikuwa tayari kusimama pale mpaka jioni, mpaka kesho yake, niahidi mpaka sauti ikauke, ili mradi anidai kitu.

Niliinama kuweka tonge lake, na nilikuwa bado sijanyanyuka. Kunguru akashuka mbele ya vidole vyangu. Hakunitazama. Alilichukua tonge zima, akaruka juu ya mto, akapotea upande wa pili. Karatasi yangu ilikuwa bado mfukoni, haijakunjuliwa.

Watu walishangilia juu kule. Ganpat alishuka ngazi tatu, akanipongeza, nadhani kwa moyo safi. "Una bahati, Trimbak. Sijawahi kuona marehemu aliyeridhika hivi."

Nilimtazama Mama. Alikuwa anatazama upande ule alikoelekea kunguru. Akasema, "Hakuridhika. Aliacha tu kututegemea, zamani sana."

Tonge la Baba limekaa pale mpaka jua lilipozama. Nimesokota kunguru wa majani.

Vinayak mwambie sasa anaweza kuukata mwarobaini.

Mdogo wako,
Trimbak